Kilomita 30 kwenye mashamba ya mizabibu, na goti linaloniuma nikishuka ngazi

*Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 54, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 19 naishi Lyon, Ufaransa. Binti yetu na mumewe wametualika, mimi na baba yake, twende mji wa Beaune, kaskazini mwa Lyon, mwezi Septemba tukazunguke kwa baiskeli kwenye mashamba ya mizabibu. Ametuchorea njia: Beaune, Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet, halafu turudi kwa upande wa tambarare. Jumla ni kama kilomita 30, na kwenye ramani imeandikwa "rahisi". Baiskeli nilijifunza utotoni kwa Phoenix ya baba mdogo, lakini tangu nizae mtoto wa kwanza sijaigusa. Goti la kulia huniuma kwa mbele nikishuka ngazi. Natumia dawa ya presha, na mwili wangu si mwembamba. Mume wangu anasema nitie gia nzito nikanyage polepole ili nisichoke, na ninunue kiti kinene chenye sponji. Binti anasema nikodi baiskeli ya umeme, nami naona haya, kama vile nadanganya watu. Tena navaa mtandio na nguo ndefu, na pombe situmii, kwa hiyo sijui hata huko kwenye mizabibu nitafanya nini. Niende, au nibaki hotelini niwasubiri? Na nikienda, nijiandae vipi?*

Dada, barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza mengi, lakini naona hofu ni moja: kwamba neno "rahisi" limeandikwa na mtu mwenye magoti mazima, na atakayelipa ni wewe. Hofu hiyo si ya kitoto. Katika kufundisha watu wazima kupanda baiskeli nimewaona wengi walioharibiwa siku na neno hilo hilo. Jibu langu fupi ni: nenda. Usibaki hotelini. Ila usiende na gia nzito ya shemeji wala kiti chake kinene, na kabla ya yote goti hilo lionwe na mtu anayeweza kulishika kwa mkono wake. Mpaka Septemba mna miezi mitatu. Inatosha, na chenji inabaki.

Tuanze na njia yenyewe. Kusini mwa Beaune kuna kilima kirefu kinachotoka kaskazini kwenda kusini. Upande wake wa mashariki, unaoota jua la asubuhi, ndiko kulikopandwa mizabibu, na chini yake ni uwanda mpana wa mto Saône. Njia mtakayoifuata mwanzoni inaitwa Voie des Vignes, Njia ya Mizabibu. Inatoka Beaune mpaka Santenay, kama kilomita 22, nanyi mtaishia katikati yake. Ni njia nyembamba iliyosakafiwa, na kwa sehemu kubwa wanaoitumia ni wakulima, wenye baiskeli na watembea kwa miguu. Haipandi kilimani. Inatambaa chini yake kama pindo la kanga, na pindo hilo lina mikunjo: unashuka kidogo, unapanda kidogo, unaingia kijijini, unatoka. Mkunjo utakaoukumbuka uko kati ya Pommard na Volnay. Volnay imekaa juu kuliko majirani zake, na hapo ndipo utakapomlaani aliyeandika "rahisi". Ukishaipita, unateremka kuelekea Meursault, na kutoka Meursault mpaka Puligny-Montrachet ni karibu tambarare, mizabibu kulia na kushoto. Kurudi kwa upande wa chini hakuna vilima vya kusumbua, lakini hakuna kivuli pia, na upepo ukiwa wa mbele utadhani mtu amekushika karia kwa nyuma.

Wachora ramani hujumlisha kilomita, hujumlisha na mita zote za kupanda, kisha huweka rangi ya kijani. Wala hawajasema uongo. Ila mwili wako hauendeshi jumla, unaendesha mita mia tatu zilizo mbele yako sasa hivi.

Hesabu hii naipenda kwa sababu inawaondolea watu lawama. Chukua wewe na baiskeli yako pamoja kuwa kilo 95. Kwenye tambarare bila upepo, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, miguu yako inatoa nguvu ya kama wati 50. Si kitu, unaweza kupiga soga. Sasa kinakuja kilima cha asilimia 5, yaani kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 5. Ukitaka kubaki na mwendo uleule, utahitaji karibu wati 240, mara tano ya zile za mwanzo. Kijana anayefanya mazoezi atazitoa na jasho litamtoka. Wewe usijaribu. Lakini kwenye kilima kilekile ukishuka mpaka kilomita 7 kwa saa, hitaji linaanguka mpaka kama wati 105. Kilima hakijabadilika hata sentimita moja. Ulichobadilisha ni haraka yako. Wengi wanaoshindwa Volnay hawashindwi na kilima, wanashindwa na ile aibu ya kwenda taratibu kuliko mtu anayetembea na mbwa wake.

Ndipo tunapofika kwa shemeji. Amesema kwa mapenzi, na wazo lake lina mantiki ya watu wa zamani, waliopanda baiskeli zisizo na gia za kubadilisha: kukanyaga mara chache ni kuchoka kidogo. Kwa goti ni kinyume. Nguvu inayotoka kwenye baiskeli ni zao la vitu viwili, uzito wa kila kanyago na idadi ya makanyago kwa dakika. Nguvu ileile unaweza kuitoa kwa makanyago 50 mazito au kwa 80 mepesi, na ukienda kwa 80, kila kanyago linapungua uzito kwa zaidi ya theluthi moja. Mapafu yatafanya kazi kidogo zaidi, ni kweli, utahema. Lakini mapafu ukiyapumzisha dakika tano yamesahau, na goti lililokasirika linakumbuka wiki mbili.

Ukinyonga na kuhisi paja linakaza na mwili unayumba kulia na kushoto kwa kila kanyago, gia ni nzito. Punguza. Na upunguze kabla kilima hakijaanza, mnyororo ukiwa bado umelegea. Ukingoja mpaka umekwama katikati, ndipo unaposikia ule mlio wa "krak" unaomfanya kila fundi akunje uso. Unapokodi, muulize mwenye duka swali moja tu kuhusu gia: ile nyepesi kabisa ni nyepesi kiasi gani? Gurudumu dogo la meno la mbele likiwa na meno sawa na lile kubwa la nyuma, au pungufu yake, Volnay utaipanda umekaa. La mbele likiwa kubwa mno, mwombe nyingine.

Goti lenyewe siwezi kulipima kwa barua, wala usimwamini anayejidai anaweza. Naweza kukueleza linavyofanya kazi. Mbele ya goti kuna kile kifupa cha mviringo, kilegesambwa, kinachoteleza kwenye mfereji wake kila unapokunja na kunyoosha mguu. Kadiri goti linavyokunjwa huku limebeba mzigo, ndivyo kifupa hicho kinavyobanwa dhidi ya mfupa wa paja. Unaposhuka ngazi unalikunja goti na wakati huohuo unabeba mwili mzima kwa mguu mmoja, ndiyo maana linalalamika hapo hapo. Baiskeli ni jambo jingine, kwa sababu uzito mwingi umekalia kiti. Watu wenye magoti yaliyolika gegedu mara nyingi hushauriwa na wataalamu wao wapande baiskeli, kuliko kukimbia. Kwa hiyo ile imani kwamba baiskeli inamaliza magoti iweke kando. Inayomaliza magoti ni baiskeli yenye kiti kilicho chini na gia nzito, na karibu kila anayeanza upya ukubwani huchagua vyote viwili.

Kiti huwekwa chini kwa sababu ya woga. Tunataka nyayo zote mbili zikanyage ardhi tukiwa tumekaa, na nawaelewa wanaotaka hivyo, hasa wewe uliyejifunza kwa Phoenix ya mtu mzima, bila shaka mguu mmoja umepenyezwa ndani ya fremu kama tulivyofanya wote. Lakini kiti kikiwa chini, goti linakuja juu karibu na tumbo kila mzunguko na kukunjwa kuliko inavyohitajika, huku likisukuma. Pima hivi: mtu akushikilie baiskeli, kaa kwenye kiti umevaa viatu utakavyopandia, weka kisigino juu ya pedeli, izungushe mpaka chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukihamia kwenye sehemu pana ya mbele ya wayo, pale unapokanyagia kwa kawaida, goti litabaki na mkunjo mdogo. Hapo ndipo penyewe. Ukisikia maumivu mbele ya goti baada ya safari, pandisha kiti nusu sentimita. Yakiwa nyuma ya goti, kishushe nusu sentimita. Nusu tu, usipandishe kwa vidole vinne kama wafanyavyo wale wanaotaka yaishe siku hiyohiyo.

"Sasa nikisimama si nitaanguka?" Ndilo swali linalofuata, sijawahi kulikosa. Huanguki, kwa sababu kusimama hakufanyiki ukiwa umekaa. Unafunga breki taratibu, unasimama juu ya pedeli ya chini, unateleza mbele ya kiti, mguu mwingine unatua ardhini. Kiti kinabaki nyuma yako. Zoezi hilo peke yake lifanye mara thelathini kwenye uwanja mtupu, na chukua fremu ya kike, ile iliyoinama katikati, usihangaike kurusha mguu.

Na kiti kinene? Kaa kwenye sofa laini kwa muda wa saa tatu, kisha kaa kwenye benchi la mbao lenye mto mwembamba, uone kipi kinakuumiza. Mwili umepewa mifupa miwili ya kukalia, na kazi yake ni kubeba. Kwenye sponji nene mifupa hiyo inazama, sponji inapanda katikati na kubana nyama laini ambayo haikuumbwa kubeba kitu. Dakika kumi dukani ni raha, kilomita ya kumi na tano ni ganzi na michubuko. Unachotaka ni kiti kigumu kiasi, chenye upana unaolingana na mifupa yako (ya wanawake kwa kawaida imeachana zaidi), na kaptura ya baiskeli yenye pedi ndani, isiyovaliwa na chupi, maana mishono ya chupi ndiyo inayochuna. Hakuna atakayeiona, itakuwa chini ya suruali yako.

Nguo. Hili limekupa wasiwasi kuliko unavyolionyesha, nami nalichukulia kwa uzito kwa sababu ya mnyororo, si kwa sababu ya macho ya watu. Baibui au dira kwenye baiskeli ni hatari. Pindo likiingia kwenye mnyororo au spoki, baiskeli inasimama wewe hujasimama. Vaa suruali pana yenye mpira au kamba chini, funga upande wa kulia kwa nguvu zaidi kwani mnyororo uko kulia, na juu yake kanzu fupi inayofika magotini, yenye mpasuo pembeni. Dai baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo. Mtandio uwe wa pamba nyembamba, umefungwa shingoni na ncha zake zimechomekwa ndani, usiwe na kishungi kikubwa kisogoni, maana helmeti inatakiwa ikae tambarare, vidole viwili juu ya nyusi. Nenda dukani ukiwa umevaa mtandio huohuo ujaribu nao. Sheria ya Ufaransa inalazimisha helmeti kwa watoto walio chini ya miaka 12, mtu mzima haimlazimishi. Mimi nakulazimisha.

Baiskeli ya umeme, sasa. Haya unayoiona naijua, lakini tuangalie inachofanya. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya mota yake haizidi wati 250, na inakusaidia pale tu unaponyonga, hadi kilomita 25 kwa saa. Ukiacha kunyonga nayo inaacha. Kwa hiyo si pikipiki. Miguu inazunguka, moyo unafanya kazi, ila zile wati 240 za kilimani unachangia 90 na mota inamalizia. Kwa goti lako hiyo ni karibu dawa. Ina ubaya wake: mara nyingi ina uzito wa kilo 20 na zaidi, kuipandisha kwenye treni ni shughuli, inahitaji umbali zaidi kusimama, na zile za bei rahisi zinaruka mbele ghafla ukigusa pedeli kabla hujajipanga. Anza na kiwango cha chini cha msaada, breki zikiwa mkononi. Ningekuwa mimi ni wewe? Kama goti litakuwa bado linauma Agosti, ningechukua ya umeme bila kuomba radhi kwa yeyote. Kama limetulia na mazoezi yamekwenda, ningechukua ya kawaida yenye gia nyepesi. Uamuzi ufanye Agosti, ingawa ya umeme ni vizuri kuiwekea nafasi mapema, maana Septemba ni msimu.

Kuhusu presha, tazama jina la dawa yako. Zile zinazoishia na "-olol", kama bisoprolol au atenolol, huuzuia moyo usipande kasi, kwa hiyo saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo itakuambia unapumzika wakati umechoka kweli. Usiitegemee. Tegemea mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni salama. Kama ni dawa ya kukojosha, jua na jasho vinaweza kukushusha presha mpaka kizunguzungu, basi maji yasikae mbali nawe, kama nusu lita kila saa kwa mafunda madogomadogo. Usiache dawa siku ya safari kwa sababu ya kuogopa kutafuta choo, nimewahi kuliona hilo likiisha vibaya. Mweleze daktari wako mpango wote, kilomita na kilima, umuulize kama kuna cha kubadilisha.

Daktari huyo huyo mwonyeshe goti, akikupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia usikatae. Nenda mapema zaidi, hata kesho, kama goti linavimba, linakwama likikataa kunyooka, linakuachia ghafla unapotembea, au linakuamsha usiku. Hayo si ya kurekebisha kwa kiti. Na ukiwa njiani, kifua kikibana, ukikosa pumzi isivyolingana na kazi unayofanya, au mkono na taya vikianza kuuma, hakuna "nifike tu Meursault". Shuka, kaa, mwambie shemeji apige 112, namba ya dharura.

Maandalizi hayana siri. Kaeni na Lyon yenu: kingo za mto Rhône zina njia za baiskeli zilizo tambarare kama meza. Wiki mbili za kwanza dakika ishirini, mara tatu kwa wiki, na sehemu kubwa ya muda huo iwe kupanda, kushuka, kugeuka, kutazama nyuma bila kuyumba. Kisha ongeza kidogo kidogo mpaka uweze saa moja na nusu bila kuwaza kiti. Umbali wa kilomita 30 hamhitaji kuufanya wote kabla ya safari. Mkishafanya 20 mara mbili na kesho yake ukashuka ngazi bila goti kulalamika zaidi ya kawaida, mko tayari. Hicho ndicho kipimo changu, kesho yake asubuhi, si wakati wa safari, maana mwili ukishapata moto huficha mengi. Kilima nacho kitafuteni kimoja kifupi, mkipande mara tatu kwa gia nyepesi.

Siku yenyewe msihesabu kwa akili ya gari. Kwa mwendo wako wa kilomita 13 hadi 14 kwa saa, 30 ni zaidi kidogo ya saa mbili za kunyonga, na kwa kusimama kwenu, picha, maji na chakula, ni nusu siku nzima. Ondokeni saa tatu asubuhi. Bebeni tende na mikate, kwa sababu maduka ya vijijini hupenda kufunga mchana, na mabomba yaliyoandikwa "eau non potable", yaani maji yasiyofaa kunywa, msinywe. Tairi zisijazwe upepo mpaka ziwe jiwe. Namba iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, si amri, na tairi pana yenye upepo wa wastani inameza mashimo ambayo vinginevyo yangemezwa na mgongo wako.

Septemba ni mavuno. Hilo ni zuri kwa macho na linataka adabu barabarani: kuna matrekta marefu yenye miguu kama buibui, yanayopita juu ya mistari ya mizabibu, na njia ile ni ofisi yao kabla ya kuwa matembezi yenu. Wakija, simameni pembeni, wapungieni mkono. Matope na vijiwe hubaki kwenye kona, hasa mvua ikinyesha, kwa hiyo mkiteremka Volnay fungeni breki kabla ya kona, zote mbili kwa pamoja, si ndani yake. Jaribu breki dukani kwanza: kwenye baiskeli nyingi za Ufaransa ya mbele iko mkono wa kushoto. Na sehemu ninayoihofia kuliko kilima ni pale mtakapovuka barabara kuu ya D974 kwenda upande wa tambarare. Magari ni mengi na yanakwenda kasi. Shukeni, mvuke mkikokota, wote kwa pamoja. Mkiwa kule chini endesheni kulia kwa mstari mmoja. Najua umekaa Ufaransa miaka 19, lakini mwili uliojifunza baiskeli Tanga ukishtuka hukimbilia kushoto.

Kama hunywi, huna unachokosa. Anayeonja mvinyo njiani ana kikomo cha gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, sawasawa na mwenye gari, na kilima cha kumalizia. Wewe utaangalia kuta. Mashamba yale yamegawanywa vipande zaidi ya 1,200, kila kimoja na jina lake, vingine vikiwa na kuta za mawe yasiyo na saruji, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza kwenye Urithi wa Dunia. Utaona majirani wawili waliotenganishwa na ukuta wa kiunoni, zabibu za mmoja zikiuzwa mara kumi ya za mwenzake, na udongo unafanana machoni. Pommard na Volnay ni zabibu nyekundu, Meursault na Puligny nyingi nyeupe, hivyo mtashuhudia zikibadilika mkiwa mnanyonga. Dodoma wenzetu huvuna mara mbili kwa mwaka. Hawa baridi inailaza mizabibu yao, wanavuna mara moja, ndiyo maana utawaona na haraka ile. Msichume, ni shamba la mtu. Mkirudi Beaune, ingieni Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443, yenye paa la vigae vya rangi. Wodi yake yenye vitanda vilivyopangwa pande mbili ilinikalisha kimya kuliko mashamba yote.

Mkichoka Meursault, ambako mtapatambua kwa paa la ukumbi wa mji lenye vigae vya rangi vilevile, kateni hapo hapo kuelekea chini, msiende Puligny. Mtakuwa mmeshaona mengi. Na Volnay, dada, miguu ikigoma, shuka ukokote. Ukikokota utafika juu kwa dakika chache tu za ziada. Mwache shemeji aijaribu gia yake nzito pale. Ukitangulia kufika, msubiri kivulini, na chupa ya maji uwe umeshaifungua.